Fundi wa Mwisho wa Wasila

Athanas Mwakio alikuwa na miaka hamsini na saba, na ishirini na minne kati ya hiyo ilikuwa imeishia ndani ya tumbo la meli moja. Ukimwuliza kazi yake alijibu kwa neno moja: fundi. Ukimwuliza fundi wa nini, alikutazama kwanza kama mtu anayepima iwapo una haraka, maana jibu lilikuwa refu, na yeye siku hizi kuongea kulimchosha.

Kwao ni Wundanyi, juu milimani Taita. Ujana wake aliupeleka kwenye shamba la mkonge kule Mwatate, akitunza jenereta ya dizeli iliyoendesha mashine za kuchuna katani. Baadaye alishuka Mombasa, akapata nafasi katika karakana moja ya Shimanzi, na huko ndiko alikojifunza injini kubwa. Mwaka wa elfu mbili na moja wakala mmoja akamwambia kuna meli huko Doha inatafuta mtu wa injini za kizamani.

"Za kizamani kiasi gani?" Athanas aliuliza.

Wakala alicheka, akamsukumia karatasi za kujaza.

Aliondoka nyumbani akimwacha mkewe, Loice, na binti yao Melissa ambaye ndiyo kwanza alikuwa anasimama dede. Alisema anakwenda kwa miaka miwili.

Meli yenyewe iliitwa Wasila. Ilikuwa imeundwa Marekani mwaka wa 1944, kwenye yadi ya kando ya mto, mbali sana na bahari, wakati wa vita vikuu. Kazi yake ilikuwa kubeba vifaru na kuvishusha moja kwa moja ufukweni, pasipo na bandari wala gati. Kwa hiyo tumbo lake lilikuwa bapa kama sinia, na omoni mwake, yaani mbele, mlikuwa na milango miwili mirefu iliyofunguka kama ya kabati, na nyuma ya milango hiyo daraja la chuma lililoshushwa mpaka mchangani. Hawakuipa hata jina. Waliipa nambari, wakaijenga kwa haraka, na hakuna aliyetarajia kwamba itaishi zaidi ya vita vyenyewe.

Lakini iliishi. Vita vilipokwisha iliuzwa, ikabeba magogo huko Mashariki ya Mbali, ikabeba mchele, kisha kampuni ya mafuta ikaileta Ghuba kubeba mabomba. Mwishowe ikanunuliwa na familia moja ya Doha, na hao ndio walioipa jina. Rangi ilipakwa juu ya rangi miaka nenda miaka rudi, lakini jua likipiga ubavu kwa mshazari, ile nambari ya kwanza ilionekana bado, imevimba chini ya rangi mahali ilipolehemiwa.

Injini zake mbili zilikuwa za aina ile ile iliyovuta vichwa vya treni enzi hizo. Athanas alipoziona mara ya kwanza alikaa juu ya ndoo, akazitazama kwa muda mrefu. Fundi aliyemtangulia, mzee wa Kigoa aliyekuwa anastaafu, alimwonyesha kila valvu na kila bomba kwa wiki tatu, kisha akamkabidhi daftari lenye mafuta na anwani ya dalali wa Karachi aliyeuza vipuri vya treni kuukuu. Akamwambia, "Hii ya kushoto ni mpole. Ya kulia usiipe mgongo." Akaenda zake.

Kwa miaka mingi kazi ilikuwa kwenda na kurudi. Wasila ilipeleka tingatinga na mchanga visiwani, ilipeleka majani makavu ya mifugo, ilipeleka maji ya kunywa kwa wafanyakazi waliojenga mahali ambapo hapakuwa na bomba. Mwendo wake ulikuwa wa pole mno. Walipokaribia ufukwe, nahodha aliangusha nanga ya tezi, ile ya nyuma, mbali majini, kisha akaiacha meli iende mpaka tumbo likwame mchangani. Wakishamaliza kushusha mzigo, winchi ya nyuma ilivuta ile nanga na meli ikajitoa yenyewe ikarudi majini. Athanas hakuyaona hayo. Yeye alikuwa chini, kwenye joto na kelele, na kukwama kulimfikia kama msukumo wa taratibu magotini.

Mwaka wa 2017, nchi jirani zilipofunga mipaka na lori zikaacha kuingia, Wasila ilifanya kazi kama mnyama. Walikuwa wakienda Suhari, Omani, kuchukua chakula cha mifugo, wakirudi bila kupumzika. Miezi minne Athanas hakulala zaidi ya saa nne kwa mkupuo. Alipata likizo baadaye, akaenda nyumbani, na Loice aliwaambia majirani kwamba mume amekuja kulala. Hakuwa anatania.

Kuna siku moja kabla ya hapo ambayo aliisimulia mara chache. Mzee mmoja Mmarekani alikuja gatini akisukumwa na mjukuu wake kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa ametumika ndani ya meli hiyo akiwa na miaka kumi na tisa, na alikuwa ameitafuta kwa nambari yake kwa miaka mingi. Alitaka kushuka chumba cha injini. Ngazi za meli ile zimesimama wima, na nahodha alikataa. Athanas akachuchumaa mbele ya kiti, akamwambia mjukuu amsaidie kumpandisha babu mgongoni. Alimshusha ngazi tatu hivyo hivyo, mzee mwepesi kama furushi la nguo. Chini kule yule mzee aliweka kiganja chake juu ya injini ya kulia. Kisha akasema kitu kwa sauti ndogo, na Athanas akamwomba arudie.

"Anasema hii ilikuwa inawasumbua," mjukuu alieleza.

"Mwambie hata leo," Athanas alijibu.

Mwaka wa 2021 kazi ilikwisha. Kulikuwa na majahazi mapya ya chuma, ya kasi, yenye watu watatu tu. Wasila ilivutwa hadi yadi moja kusini mwa jiji, ikafungwa kamba. Nahodha akaenda, mabaharia wakatawanyika. Aliyebaki ni Athanas, kwa sababu meli inayoelea haiwezi kuachwa peke yake. Inavuja, na lazima mtu apige pampu. Alikuwa na kitanda chake Al Mansoura, katika chumba cha watu wanne, na basi la kampuni lilimchukua saa kumi na nusu alfajiri. Siku za kiangazi ilibidi kazi za nje zimalizike kabla ya saa nne, na baada ya hapo alikaa kivulini langoni pamoja na mlinzi, Mganda wa Busia aitwaye Job, wakinywa karaki, chai nzito ya maziwa na iliki, kwenye vikombe vya karatasi.

Job alikuwa na miaka thelathini na minne, mtu mrefu, mcheshi asubuhi na mnyonge ikifika mchana. Huo ulikuwa mwaka wake wa saba kwenye kibanda cha langoni. Wawili hao walizoeana kama watu wanaosubiri foleni moja.

Mwanzoni pampu ilihitaji saa mbili kwa wiki. Mwaka uliofuata, saa mbili kila siku ya tatu. Kufikia Agosti ya mwaka jana ilikuwa saa mbili kila siku, na Athanas aliripoti ofisini, akaambiwa aendelee kupiga pampu.

Ndipo Dedan alipokuja. Dedan alikuwa karani wa ofisi ya kampuni, iliyokuwa Abu Hamour. Kijana wa Nyeri, nadhifu, mwenye heshima. Alifika saa tatu asubuhi na fomu ndani ya bahasha.

"Shikamoo mzee. Meli imepata mnunuzi. Inaenda kukatwa chuma chakavu nje ya nchi, tagi ya kuivuta inafika Alhamisi."

"Marahaba. Alhamisi hii?"

"Hii hii. Mudiri wa kampuni anataka fomu leo. Ni stori ya dakika mbili."

Athanas aliivaa miwani yake. Fomu ilisema kwamba mabamba ya chini ya meli yamekaguliwa na fundi, na yanaweza kuhimili safari ya kuvutwa baharini. Palikuwa na nafasi ya jina lake.

"Nani atakuwa juu yake ikivutwa?"

"Watu sita. Wa kuangalia kamba na pampu. Job ameandikisha jina." Dedan akashusha sauti. "Mzee, ukisaini tu, tiketi yako iko tayari. Tarehe thelathini uko Nairobi. Harusi ya Melissa si tarehe sita?"

Ilikuwa tarehe sita Septemba. Ofisi nzima ilijua, kwa sababu Athanas aliomba ruhusa hiyo tangu Januari. Alitazama ile nafasi ya kusaini. Aliwaza jinsi kalamu ilivyo nyepesi. Alikuwa amechoka, na uchovu ule haukuwa wa juzi wala jana; ulikuwa umemkaa kwenye mifupa, na hapa mtu alikuwa amemletea karatasi ya kuumaliza.

"Niachie mpaka kesho," alisema.

"Mudiri atauliza."

"Mwambie naangalia. Fomu inasema nimekagua. Sijakagua."

Kesho yake, kabla jua halijapata nguvu, alifungua kifuniko cha tangi la chini upande wa kulia, akaliwekea feni saa nzima ili hewa mbaya itoke. Alimwita Job amshikie tochi. Job alishuka kwa furaha. Alitaka kuizoea meli kabla ya safari. Alikuwa hajui kuogelea, lakini alisema watu wengi wa melini hawajui, na hilo ni kweli.

Walitambaa katikati ya mbavu za chuma, Athanas mbele na nyundo ndogo. Alikwangua kutu, akagonga, akasikiliza. Chuma kizima kikigongwa hulia. Mbavu za kwanza zililia vizuri, na Job akasema, "Si unaona? Iko sawa." Kufika ya kumi na mbili sauti ikaanza kufifia. Kwenye ya kumi na tisa Athanas aligonga mara moja, bila nguvu yoyote, na nyundo haikurudi. Ilikuwa imeingia.

Alipoichomoa maji yakapanda, mkondo wa unene wa kidole gumba, safi na baridi kidogo. Job alirudi nyuma akajigonga kichwa. Athanas akaweka gumba lake juu ya tundu.

"Kuna ndoo karibu na ngazi," alisema. "Ndani mna kabari za mbao na matambara. Lete. Halafu saruji, na ule mfuko wa magadi."

Job alileta. Athanas alifunga kabari kwa kitambaa, akaipigilia taratibu, akiogopa kulipanua tundu. Kisha akatengeneza kisanduku cha mbao juu yake, akachanganya saruji na magadi ili igande upesi, akaijaza. Ilichukua saa moja na nusu. Walipotoka juu, mashati yao yangeweza kukamuliwa.

"Limezibika," Job alisema.

"Hilo moja."

"Basi unaweza kuziba mengine."

"Job, sikuligonga lile. Niliweka nyundo tu. Agosti hii, nje ya mlango wa Hormuz, mawimbi yatagonga chini pale usiku na mchana kwa siku kumi. Mtakuwa sita na pampu moja."

Job alifuta shingo. Kisha akasema, kwa upole lakini bila kumtazama, "Mzee, mimi miaka saba nimekaa kwenye kibanda. Nikiingia kwenye vitabu vya mabaharia, sirudi kwenye kibanda. Usiniharibie."

Jioni hiyo Athanas alimpigia Loice. Alimweleza yote tangu mwanzo, mpaka ile nyundo. Upande wa pili kulikuwa na sauti ya sufuria, kisha sufuria zikanyamaza.

"Usiposaini hutakuja," Loice alisema.

"Sidhani kama wataniachia."

"Nimemwambia Melissa utamshika mkono kanisani. Nimemwambia mara nyingi."

"Najua, Mama Melissa."

Loice akavuta pumzi. "Na hao watu sita wana wake?"

"Huyo Job ana watoto watatu. Wengine siwajui."

"Basi unaniuliza nini?" alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka kama ya mumewe. "Mimi nimezoea. Kazi ni kumwambia mtoto." Simu ikakatika, au aliikata, Athanas hakujua.

Asubuhi aliichukua fomu, na mahali pa sahihi akaandika kwa herufi kubwa: KUNA TUNDU MBAVU YA KUMI NA TISA. MABAMBA YAMEKWISHA. ISIVUTWE IKIWA NA WATU. Chini yake akaweka jina.

Mudiri alimwita ofisini. Hakufoka. Alimwagizia chai, akamweleza kwamba fomu ile anaweza kuijaza mtu mwingine.

"Najua," Athanas alisema. "Lakini huyo mtu aingie ndani kwanza, kama nilivyoingia mimi."

Labda ni maneno hayo, au labda ni kwa kuwa karatasi yenye maandishi makubwa namna ile ni vigumu kuipoteza. Jumatano mkaguzi wa bima alikuja yadini, akavaa ovaroli, akashuka tangini. Aliona kisanduku cha saruji. Akaomba nyundo, akapiga mara mbili mahali pengine, akamrudishia Athanas nyundo yake bila kusema neno. Alhamisi tagi ilifika, ikakaa nusu siku, ikaondoka mikono mitupu.

Uamuzi uliotolewa ulikuwa kwamba Wasila itakatwa hapo hapo Doha, kibali kikipatikana. Ilibidi ipandishwe kwenye ufukwe wa yadi kwa injini yake yenyewe, kwa kuwa kuivuta kwa nguvu kungeweza kuipasua, na mwenye kuziamsha zile injini alikuwa mtu mmoja tu. Ruhusa yake ikaahirishwa. Dedan ndiye aliyemletea habari, akaomba msamaha kana kwamba ni yeye aliyeamua.

Tarehe sita Septemba Athanas aliitazama harusi ya binti yake kwenye simu, amekaa ukingoni mwa kitanda, na wenzake watatu wa chumbani wamesimama nyuma yake. Picha ilikwama mara kwa mara. Alimwona ndugu yake mdogo, baba mdogo wa Melissa, akimshika bibi harusi mkono. Halafu mtandao ukapotea, na uliporudi watu walikuwa tayari wanakula.

Job hakuzungumza naye wiki mbili. Alimfungulia lango, akaandika saa, basi. Siku ya kumi na tano Athanas alikuta vikombe viwili vya karaki juu ya meza ya kibanda, kimoja kimefunikwa.

"Nimeota lile tundu," Job alisema. Akasogeza kiti. Hawakuliongelea tena.

Kibali kilitoka Januari. Injini ya kulia ilikataa kabisa. Athanas aliifungua, akaifunga, akaiacha. Ile ya kushoto aliibembeleza siku tisa. Asubuhi ya bamvua, maji yalipojaa kabisa, nahodha wa kukodi kutoka Suri, Omani, alipanda, wakakata kamba, na Wasila ikaanza kusogea, ikipinda upande kwa kuwa ilisukumwa na propela moja. Job alikuwa omoni na redio ya mkononi. Safari hii Athanas mwenyewe alikuwa amemwombea nafasi, na ilikuwa mita mia nane tu.

Athanas alikuwa chini. Kupitia redio alisikia nahodha akiuliza kuhusu nanga ya tezi, iko tayari au vipi.

"Ya nini?" Athanas alijibu. "Meli haitoki tena."

"Kweli," nahodha alisema.

Ule msukumo wa magotini ukaja, mrefu kuliko alivyoukumbuka, ukifuatana na sauti ya kitu kukwaruza chini. Aliiacha injini izunguke kidogo, kisha akaizima. Hakuizima kwa haraka. Alifunga mafuta, akafungua valvu za kupozea, akapangusa mikono, kama siku nyingine yoyote. Alipopanda juu walikuwa wamefungua milango ya omo kwa winchi ya mkono, na mwanga ulikuwa umeingia hadi mwisho wa sitaha ya vifaru. Wote saba waliokuwa melini walitoka kwa miguu, wakitembea juu ya daraja la chuma mpaka mchangani. Athanas aliketi juu ya tofali, akavua viatu, akakung'uta mchanga uliokuwa umeingia, na hakuinuka mpaka basi la kampuni lilipopiga honi.

Wakataji walianza wiki ile ile. Hakwenda kuwatazama. Alilala Al Mansoura siku mbili, Ijumaa akaenda kanisani Abu Hamour, na Februari akarudi nyumbani na sanduku moja.

Melissa hakuja uwanja wa ndege wala kituo cha treni cha Voi. Alikuja siku ya tatu, na mumewe, wakala chakula cha mchana, wakaongea habari za mvua na bei ya mbolea. Baada ya kula alisimama kwenye karai akiosha vyombo, na baba yake akaja kusimama karibu na kitambaa cha kupangusia.

"Kulikuwa na tundu kweli?" Melissa aliuliza bila kugeuka.

"Kweli."

"Kubwa?"

Athanas alimwonyesha gumba lake. Melissa aliligeukia, akalitazama: kucha imepasuka, ngozi nyeusi ya mafuta yasiyotoka kwa sabuni. Halafu akampa sahani apanguse.

Walipomaliza alimletea albamu ya harusi, kubwa, yenye jalada jeupe, wakakaa wote kwenye kochi. Alimwonyesha nani ni nani, mashangazi, shemeji, wanakwaya. Athanas aliuliza majina, akayarudia ili yasimpotee. Kufika zile picha za keki, kichwa chake kilikuwa kimeegemea nyuma na mdomo umefunguka kidogo. Mkwewe alitaka kumwamsha.

"Mwache," Melissa alisema, akaifunga albamu, akaiweka mahali ambapo ataiona akiamka.